Kipimo cha Sabuni

Chenyewe hakunionyesha.
Alikuja na kipande cha sabuni ya mche
alichokichonga kwa kisu nyumbani kwake Isevya:
kina kitako, kina kipua,
kirefu kama kidole changu cha kati, hakizidi.
"Nishonee mfuko wa hiki," akasema Bwana Lugenge,
"ndani ya mfuko wa kulia.
Kikae wima. Kisicheze. Kisionekane."

Mimi fundi. Nimeshona mifuko ya hirizi,
ya meno ya bandia,
na mmoja wa simu ambayo mke haijui.
Sikuuliza. Nikapima sabuni,
nikakata ngozi laini ya mbuzi,
nikapiga mshono mara tatu,
maana chuma, hata kiwe kidogo, hula uzi.

Yeye ni mnunuzi wa tumbaku. Masoko yakifunguliwa
hubeba fedha za watu hadi Urambo, hadi Kaliua.
Kibali anacho, kimetiwa nailoni;
alinionyesha hicho kabla ya picha ya mjukuu.
"Risasi zake maharage tu," alijisifu.
"Uzito wake ni kitita cha funguo.
Unasahau kama unacho."

Miaka minne. Suruali saba.
Zikirudi kubadilishwa zipu, nilimsoma:
pindo la kulia limeshuka nusu inchi,
kitambaa kimechakaa pale paja linapokisugua,
na doa la mafuta, umbo lile lile la sabuni.
Hakusahau hata siku moja.
Harusini kwa akina Kasanda hakuvua koti, hakucheza.
Watoto wakimkimbilia aliwapokea kwa mkono wa kushoto,
akawazungushia huko, kama mtu mwenye jipu.
Mtaani wakasema ana baridi yabisi.
Kitu kidogo. Lakini mtu mzima
alikuwa amekizunguka
kama nyama inavyozunguka mwiba.

Mwaka huu, miombo ilipotoa majani mekundu,
akaja na suruali zote saba ndani ya kiroba.
"Fumua."

Nikaweka miwani. Sikuuliza tena.
Akasema mwenyewe, akiutazama mlango:

"Njia ya Ndono, saa tatu usiku. Pikipiki mbili nyuma yangu.
Napunguza mwendo, zinapunguza. Naongeza, zinaongeza.
Nikatia mkono. Mfuko wako mzuri, fundi,
ulinikabidhi bila kukwama.
Moja ikaja dirishani. Kijana, kofia ya sufu, meno nje.
'Shikamoo, mzee,' akasema,
'taa yako ya nyuma imekufa.
Tunakuangazia, usije ukagongwa na malori.'"

Cherehani ya jirani ilikuwa inakimbia. Ikasimama.

"Kidole kilikuwa kishafika.
Kile kizuizi, nilikifungua au sikukifungua?
Nalala nakitafuta, fundi. Sikumbuki.
Nilimwitikia marahaba,
mkono bado uko mfukoni."

Kiko wapi sasa, sijui. Si kazi ya fundi kujua.
Nilifumua asubuhi nzima.
Ndani nilikuta vumbi la tumbaku,
pipi moja ya mnanaa,
na ile ngozi, iliyokwisha kukariri:
nikiitandaza mezani inajikunja yenyewe
na kushika kitu ambacho hakipo.

Sabuni ninayo. Hakuidai.
Sisi mafundi wa Kachoma huchora kwa sabuni;
mstari wake mweupe, ukifua umekwenda.
Nimechora nayo sketi za shule za Januari,
mapazia ya zahanati,
shela ya bibi harusi aliyelia kwa sababu ya mikono mirefu.
Kipua kiliisha kwanza.
Sasa limebaki pande la kitako,
jembamba, linapenya mwanga.

Jana wameniletea mjukuu wake, nimpime kaptula.
"Mifuko mingapi?" nikamuuliza.
"Miwili. Wa kulia uwe mkubwa."
"Una nini wewe?"
Akautumbukiza mkono wote, mpaka kwenye kifundo,
ukatoka umejaa.
"Gololi," akasema.